Fedha ya Wafalme: Kwa Nini Unguja Iliivaa Kiunoni, Haikuipakulia Chakula

Hudhayfa bin al-Yaman, sahaba wa Mtume (S.A.W.), alikuwa Mada'in alipoomba maji ya kunywa. Mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa Kiajemi, akina Kisra, kabla haujaingia mikononi mwa Waislamu. Aliyemletea maji alikuwa dihqani, mmoja wa mabwana wenye ardhi wa Kiajemi, na aliyaleta katika chombo cha fedha. Hudhayfa akamrushia chombo kile, kisha akawaeleza waliokuwapo kwamba asingefanya hivyo lau si kuwa alikwisha kumkataza na yeye hakukatazika. Ndipo akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume: msinywe katika vyombo vya dhahabu na fedha, wala msile katika sahani zake, kwani hivyo ni vyao duniani, na ni vyenu Akhera.

Sisi tuliosoma vyuo vya Kurani Unguja na Pemba tunaijua hadithi hii kwa hukumu yake: chombo cha fedha ni haramu kulia na kunywea. Kisa chenyewe hupitwa haraka, na mimi naona humo ndimo lilimo jambo. Dihqani yule alikuwa akimheshimu mtawala mpya kwa desturi ya kwao. Katika dola ya Wasasani sahani ya fedha ilikuwa alama ya daraja. Mfalme aliziagiza zifuliwe kwa sura yake mwenyewe akiwa juu ya farasi, amevaa taji, anawinda simba au nguruwe mwitu, na sahani hizo zilitolewa zawadi kwa wakubwa na kwa watawala wa mbali. Nyingi zimesalia, na mkusanyiko maarufu uko katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Aliyepewa sahani ile aliiweka mahali ionekane, ili kila aingiaye ajue mwenye nyumba anajulikana na mfalme. Kwa hiyo hukumu ilipokuja, iligusa zaidi ya sufuria na vikombe. Iligusa mpango mzima wa kupimana ukubwa kwa vyombo.

Hapo ndipo linapozuka suala ambalo watu huliuliza wakitembelea kasri la Beit al-Sahel pale Mizingani. Masultani wa Zanzibar walikuwa Waislamu, Waibadhi, wanaotawala raia ambao wengi wao ni Washafii. Je, walikula katika fedha kama wafalme wa Ulaya? Na kama hawakula, mbona fedha imejaa katika kila habari yao: majambia, panga, mirashi, nishani, riale? Kulijibu suala hili vizuri kunataka kwanza tujue wafalme walikuwa wakiitafutia nini fedha, maana wengi hudhani ni urembo tu.

Hazina iliyowekwa rafuni

Fedha halisi ni laini mno kwa matumizi. Kijiko cha fedha tupu hupinda mkononi. Ndiyo maana mafundi huichanganya na shaba kidogo, na kiwango kilichokuja kushika Uingereza ni sehemu 925 za fedha kwa kila 1,000, zilizobaki ni shaba. Chuma hiki hukubali nyundo kuliko karibu vyote vingine. Fundi anaweza kukipiga kutoka ndani mpaka ua litokeze nje, akakivuta kuwa uzi mwembamba, akakichora kwa ncha ya chuma. Kikisuguliwa hurudisha mwanga kupita chuma chochote kingine, na katika ukumbi unaowashwa mishumaa hilo lilikuwa na maana kubwa.

Lakini sifa iliyowavutia wafalme zaidi ni kwamba chombo cha fedha ni pesa iliyopewa umbo. Sarafu na sahani zilitoka katika chuma kimoja. Mfalme mwenye pesa za ziada aliwapa mafundi wazifanye mabirika na vinara. Vita ikija, vinara vilirudi kalibuni vikatoka sarafu. Mwaka 1689 Louis XIV wa Ufaransa aliamuru samani za fedha za Versailles ziyeyushwe alipie vita. Zilikuwa meza, vinara vikubwa, na vyungu vya miti ya michungwa, vyote vya fedha, kazi ya miaka mingi ya mafundi bora wa Paris, na vikatoweka. Uingereza, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, vyuo vya Oxford vilitoa vyombo vyao vya fedha kwa Charles I vikageuzwa mishahara ya askari.

Ukilijua hili utaelewa kwa nini fedha ya kale ni adimu, na kwa nini mahali pazuri pa kuiona fedha ya Kiingereza ya karne ya 16 na ya 17 ni Moscow. Mabalozi wa Uingereza waliwapelekea wafalme wa Urusi majagi na chupa kubwa za fedha kama zawadi za kufungulia biashara. Za kwao ziliyeyushwa; zile zilizotolewa zilikaa salama katika hazina ya Kremlin, na zipo hadi leo. Zawadi iliyovuka mipaka ndiyo iliyosalia, na tutaona Zanzibar nayo ilivyoingia katika biashara hiyo ya zawadi.

Kwa kuwa fedha ilikuwa hazina, kuionyesha kulikuwa kutangaza uwezo. Katika ikulu za watawala wa Burgundy, karne ya 15, kulikuwa na kabati la ngazi ngazi lililopangwa vyombo ukumbini wakati wa karamu, na idadi ya ngazi ilifuata cheo cha mwenye karamu. Mke wa bwana mdogo hakuthubutu kuweka ngazi za malkia. Vyombo vingi katika hivyo havikuguswa usiku kucha. Vilisimama tu. Chumvi nayo ilikuwa na chombo chake kikubwa cha fedha, mara nyingine chenye umbo la jahazi, na mahali kilipowekwa palionyesha nani ni nani mezani. Hata seti kubwa aliyoagiza George IV wa Uingereza kabla hajawa mfalme, ya fedha iliyopakwa dhahabu, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1806, inakusanya vipande zaidi ya 4,000 na bado hutolewa kwa dhifa za wageni wa kitaifa. Hakuna mtu anayehitaji vipande 4,000 ili ale. Mgeni anahitajika avione.

Husemwa pia kwamba wafalme walipenda fedha kwa kuwa hubadilika rangi ikiguswa na sumu. Imani hiyo ilienea kuanzia Ulaya mpaka Korea. Kilicho kweli ni kidogo: fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, na sumu ya aseniki iliyosafishwa vibaya huwa na salfa ndani yake. Aseniki safi haiachi alama yoyote. Yai la kuchemsha, kwa upande wake, hutia weusi kijiko cha fedha kwa muda mfupi, na halimdhuru mtu.

Jina la mtawala juu ya fedha

Unguja na Pemba hazina machimbo ya fedha. Kila gramu iliyopata kufuliwa hapa ililetwa na jahazi. Hata hivyo mafungamano ya fedha na utawala visiwani ni ya zamani kuliko Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, zamani kuliko Wareno, na ushahidi wake ulitoka ardhini Pemba. Mwaka 1984, katika uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Ni za mnamo karne ya 11. Sarafu za fedha ni vipande vidogo vyembamba vilivyopigwa hapa hapa pwani, vina majina ya watawala wa kwetu kama Ali bin al-Hasan, na maandishi yake yana vina: upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayokubaliana na jina lile kwa sauti ya mwisho. Mimi hili linanigusa sana. Miaka elfu iliyopita mtawala wa Pemba alichukua fedha ya kigeni, akaiandika jina lake kwa vina kama mtunzi wa shairi, na watu wakaipokea sokoni.

Desturi hiyo ilirudi karne nyingi baadaye. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipiga riale yake ya fedha yenye mwaka wa Hijria 1299, sawa na 1882. Lakini riale iliyozoeleka mikononi mwa watu wa Zanzibar na Oman haikuwa na jina la Mwarabu wala la Mswahili. Ilikuwa na sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na tarehe yake ni 1780, mwaka aliokufa. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliiamini sarafu ile kwa umbo lile lile, wakakataa mabadiliko, basi mitambo ya Ulaya ikaendelea kuipiga miaka na miaka kwa tarehe ile ile ya 1780. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.4 hivi, yaani sehemu 833 kwa 1,000.

Kwa sonara, riale hiyo ilikuwa bora kuliko madini ghafi. Haikuhitaji kupimwa wala kujaribiwa, kwa sababu kila moja ilijulikana ina nini. Mafundi wa Oman, wa Lamu na wa Unguja waliiyeyusha wakatoa vikuku, mitali, vipini vya jambia na nyuzi za ala. Ndiyo maana fedha ya kale ya kwetu mara nyingi haifikii kile kiwango cha 925 cha Waingereza, na hilo si kasoro ya sonara. Kiwango cha fedha kilifuata sarafu iliyoyeyushwa. Mara nyingine sarafu nzima ilitiwa kikonyo ikaning'inizwa kwenye mkufu, sura ya malkia wa Austria ikatua kifuani mwa bibi harusi wa Kiislamu.

Kiunoni, kidoleni, mguuni

Sasa turudi kwenye hukumu. Iliyokatazwa ni vyombo. Pete ya fedha kwa mwanamume ni halali, na asili yake inahusu wafalme moja kwa moja. Mtume alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri. Akachukua pete ya fedha iliyochorwa "Muhammad Rasulullah", na kwa pete ile akapiga muhuri. Silaha nayo iliruhusiwa kupambwa kwa fedha; hadithi zinataja kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume kilikuwa cha fedha. Wanawake wakaruhusiwa mapambo ya fedha na dhahabu bila ya mipaka hiyo.

Matokeo yake ni dhahiri ukilinganisha nyumba ya bwana wa Kiingereza na nyumba ya bwana wa Unguja ya karne ya 19. Kule ukuta wa ukumbi una kabati la fedha. Hapa ukuta una vidaka, na ndani ya vidaka mna sahani za kaure za Kichina, bilauri, na vyombo vya kioo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa kasrini Mtoni na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, ameeleza vidaka vilivyopangwa kaure na vioo vya thamani, na ameeleza watu wa kasri wakila kwa mkono wa kulia. Kaure ilichukua nafasi ya sahani ya fedha kama kitu cha kuonyesha, nayo haikuwa na hukumu juu yake. Fedha ikahama ukutani ikaenda mwilini.

Jambia ndilo mfano mkubwa. Jambia la Kisaidi, linalohusishwa na ukoo wa Busaidi, linatofautiana na majambia mengine ya Oman kwa mpini wake: haukai kwa umbo la herufi T lililozoeleka, umepindwa na kufunikwa fedha yenye nakshi, na mkanda wake hushikwa kwa pete saba. Simulizi za Oman zinasema umbo hilo lilibuniwa na Shahrazad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, yule Sayyid aliyehamishia makao yake Unguja. Ala yake hufunikwa kwa uzi wa fedha. Sonara huyeyusha fedha, huipiga iwe fimbo, huipitisha katika bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, na kila tundu huurefusha na kuupunguza uzi, mpaka uwe mwembamba wa kushonewa ngozi. Aliyevaa jambia la namna ile alisomeka kwa mbali. Mtu hakuhitaji kuuliza ni nani, wala ana mali kiasi gani, kwa sababu mali yenyewe ilikuwa mbele ya tumbo lake.

Bwana harusi wa Unguja na Pemba mpaka leo hutoka na kilemba, joho, jambia na upanga. Wengi huazima au hukodi. Naona watu wanalichukulia kama vazi la harusi tu, lakini ukilitazama vizuri, kijana yule amevikwa vazi la dola. Kwa siku moja anaitwa bwana, na amevaa kilichokuwa cha mabwana.

Kwa wanawake fedha ilikuwa akiba isiyohitaji sanduku: kekee za mikono, mitali na mafurungu ya miguuni, mikufu yenye vijaluba vya hirizi. Talaka ikija au njaa ikija, kikuku kilipelekwa kwa sonara kikapimwa. Ni jambo lile lile alilofanya Louis XIV, kwa kiasi cha nyumba moja.

Ila tusidhani kwamba kila utawala visiwani ulijipambanua kwa fedha. Mwinyi Mkuu, mtawala wa asili wa Unguja, ambaye kasri lake liko Dunga, alikuwa na alama nyingine kabisa: ngoma kubwa za mti zilizochongwa, na siwa, yaani baragumu la utawala. Cheo chake kilisikika kabla hakijaonekana. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873, na ngoma na siwa zile zikahifadhiwa katika makumbusho. Ukiweka mambo haya mawili pamoja, siwa ya Dunga na jambia la Mizingani, unaona tawala mbili zilizokaa kisiwa kimoja na kila moja ina lugha yake ya ukubwa.

Mrashi na chetezo: hapa ndipo penye fundo

Tumesema vyombo vimekatazwa na mapambo yameruhusiwa. Basi mrashi uko upande gani? Ni chombo, kwa kuwa kinabeba kitu, lakini hakiliwi wala hakinywewi. Kazi yake ni kumnyunyizia mgeni maji ya waridi. Chetezo vivyo hivyo: kinabeba makaa na udi. Katika mapokezi ya heshima pwani yetu, maulidini na harusini, mrashi na chetezo ndivyo vinavyopita mikononi, na ndivyo mafundi walivyovipamba kwa ustadi mkubwa. Shingo ndefu ya mrashi, tumbo lililofuliwa maua, kichwa chenye vitundu. Mafundi wa Kihindi wa Kutch walikuwa hodari hasa wa kazi ya maua yaliyojaa, na kazi za namna hiyo zilifika Unguja pamoja na masonara wenyewe.

Watu wengi hujibu haraka kwamba hadithi imetaja kula na kunywa tu, kwa hiyo mrashi wa fedha hauna neno. Wapo wanazuoni waliosema hivyo. Lakini vitabu vya fikihi ya Kishafii vinavyosomeshwa katika darsa zetu vina msimamo mkali zaidi: matumizi yote ya chombo cha dhahabu au fedha ni haramu, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kauli yenye nguvu ni kwamba hata kukiweka bila kukitumia ni haramu, kwa kuwa kuweka huvuta kutumia. Chetezo kimetajwa waziwazi. Kukizungukia na kujifukiza juu yake ni kukitumia. Kusikia harufu yake kwa mbali si kukitumia.

Wanazuoni hao hao, kwa kuwa waliishi miongoni mwa watu na walialikwa majumbani mwa wakubwa, waliandika pia njia ya kutokea. Mtu akiletewa mafuta au maji ya waridi katika chupa ya fedha, ayamimine kwanza katika kiganja cha kushoto, kisha ayahamishie kulia ndipo ayatumie. Kwa namna hiyo anakuwa ametumia maji ya waridi yaliyo mkononi mwake, na hakutumia chombo. Maelekezo madogo haya yananionyesha mengi kuhusu mahali mwanachuoni alipokaa kati ya sheria na kasri. Asingehitaji kuandika vile kama mirashi ya fedha isingekuwa ikipitishwa mbele yake.

Mpaka wa pili ni chombo kilichotiwa fedha juu tu. Hapa kauli ya Kishafii ni nyepesi na ya kifundi: kikichovywa kwa utando mwembamba ambao ukitiwa motoni hautoi chochote cha kukusanywa, kinaruhusiwa. Kikiwa na fedha ya kukusanyika, kinarudi kwenye katazo. Na chombo kilichopasuka kikazibwa kwa kiraka kidogo cha fedha kwa haja, hakina ubaya. Kikombe cha Mtume mwenyewe kilipopasuka kiliunganishwa kwa fedha, kama ilivyopokewa kutoka kwa Anas. Kiraka kikubwa cha urembo ndicho kilichokatazwa.

Kwa hiyo mrashi au chetezo unachokutana nacho katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, mara nyingi, ni cha shaba, au shaba iliyochovywa. Dele la kahawa nalo ni shaba. Wanaohuzunika kwamba "si fedha ya kweli" wanakosa kuona kwamba aliyeagiza huenda alitaka hasa iwe hivyo. Uzuri wa kazi ulikuwa ule ule, na roho ya mwenye nyumba ilitulia.

Zawadi za Wazungu na ujio wa umeme

Fedha ya mezani yenyewe, vijiko, uma na mabirika ya chai, iliingia kisiwani kwa mlango wa diplomasia. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, ikaweka konseli mwaka 1837; Uingereza ikafuata mwaka 1841. Kila meli ya dola ilileta zawadi, na kila zawadi ilijibiwa. Sayyid Said alimpa mfalme wa Uingereza manowari nzima, ile iliyoitwa Liverpool. Barghash alikwenda London mwaka 1875 na kukutana na Malkia Victoria, na mwaka huo huo alianzisha nishani yake ya Nyota Ing'arayo, al-Kawkab al-Durri, akawavisha wafalme na maofisa wa Ulaya. Nishani hiyo naiona kuwa jibu la busara kwa vyombo vya Ulaya. Ni chuma cha thamani chenye alama ya mtawala, kinachoweza kutolewa na kupokewa kati ya dola, na kinavaliwa. Hakuna anayekilia.

Himaya ya Uingereza ilipotangazwa mwaka 1890, adabu za meza ya Kiingereza zilizidi kukaribia kasri. Mwaka 1936 Sayyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, ilisherehekewa kwa mtindo wa Ulaya kama jubilii ya fedha, na stempu zikatolewa.

Wakati huo, lakini, fedha ilikwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa sababu iliyotokea Birmingham. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ilipata hataza ya kuchovya vyombo katika fedha kwa umeme. Chombo cha chuma cha bei rahisi huzamishwa katika maji yenye chumvi za fedha, umeme hupitishwa, na utando mwembamba wa fedha hujipaka kila pembe. Kwa macho hutofautishi. Karani wa London akaweza kuwa na birika linalofanana na la bwana mkubwa, na vyombo hivyo vikasafiri na meli kuja Mombasa, Unguja na Bombay. Sehemu kubwa ya kile kinachouzwa leo katika maduka ya vitu vya kale ya Shangani na Gizenga kama "fedha ya wafalme" kimezaliwa na mtambo huo.

Kutofautisha si kazi ngumu. Geuza chombo, utazame chini au nyuma ya mpini. Herufi EPNS maana yake ni "fedha ya nikeli" iliyochovywa fedha kwa umeme, na hiyo "fedha ya nikeli", licha ya jina lake, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha hata chembe. Simba anayetembea, alama iliyotumika tangu mwaka 1544, ni uthibitisho wa Waingereza kwamba fedha imefikia 925. Kichwa cha chui ni cha London, nanga ni ya Birmingham tangu 1773. Kazi ya Oman na ya pwani yetu kwa kawaida haina alama yoyote kati ya hizo, basi kutokuwa na alama kusikufanye udharau. Hapo tazama mahali paliposuguliwa sana, kwenye ukingo au chini ya kitako. Chombo kilichochovywa hufunuka rangi ya njano au nyekundu ya shaba. Fedha tupu ni nyeupe mpaka ndani.

Weusi nao watu huuelewa vibaya. Hautokani na uchafu wala na kutu ya kawaida. Ni salfa ya hewani inayoshikana na fedha, na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na mwani unaooza ufukweni, huusaidia. Raba zinazofungiwa vijiko huuharakisha pia, na sufu vilevile. Kwa kijiko cha kawaida, maji ya moto yenye magadi soda na chumvi, juu ya karatasi ya alumini, huondoa weusi kwa dakika chache, kwani salfa huhamia kwenye alumini. Lakini usikitie humo kipini cha jambia, wala kekee ya zamani, wala kitu chochote chenye nakshi. Sonara alikusudia weusi ubaki katika mifereji ya nakshi ili maua yasomeke, na kila ukisugua kwa dawa kali unaondoa fedha pamoja na mchoro. Kwa vipande vya namna hiyo kitambaa laini cha pamba kinatosha, kisha kifungwe mahali pakavu. Ukiwa nacho cha kurithi, kabla hujakipeleka kwa sonara akupimie kwa gramu, waulize wazee wa nyumbani kilikuwa cha nani, uandike jina hilo, kwa kuwa mizani ya sonara haina namna ya kulipima.